Kabla Hujauliza Nani Alianza Kuumwa

Mwanangu Ambokile,

Umeondoka asubuhi bila kunywa uji, na mlango umeubamiza mpaka kuku wa jirani wakaruka. Sikulaumu. Mlango huo mimi nimeubamiza mara nyingi kuliko wewe, muulize baba yako. Ila tangu umetoka sijakaa. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimekwenda migombani kukata ndizi, nikarudi na kisu bila ndizi. Sasa jua limepunguza ukali, nimeketi na karatasi zile ulizoniachia za kujifunzia kuandika, na leo utajua kama ulinifundisha au ulipoteza wino wako bure. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule yako kwa sababu ndicho ulichonifundishia herufi. Kikisi changu nikikiandika nikiwa na hasira, hata mimi mwenyewe kesho sitakisoma.

Baba yako ataileta barua hii Mwaya kesho, kabla meli haijang'oa nanga. Usitafute humu habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala uvae nini kukiwa na upepo. Hayo unayajua, na usipoyajua baridi itakufundisha. Nataka turudi kwenye lile tuliloligombania asubuhi, yaani mama yako mdogo Tupokigwe.

Daktari wa boma amekuchagua uwe mkalimani wake kwa kuwa unajua Kikisi, na Kikisi umekipata kwangu. Kwa hiyo kazi hii mimi mwenyewe ndiye niliyekupa bila kujua. Anaifuata homa ya kuvunja mifupa, ile ambayo watu wa pwani huiita kidingapopo. Anaifuata kinyumenyume, kijiji kwa kijiji na nyumba kwa nyumba, akiuliza aliyeumwa aliumwa baada ya nani, mpaka afike ilikotokea. Na muuza samaki alipokuja juzi ulimsikia kwa masikio yako. Kule Ikombe, kwetu, wa kwanza kulala alikuwa Tupokigwe, mdogo wangu wa tumbo moja. Amepona, lakini mtoto wa jirani yake amekufa, na wanawake wameanza kuchota maji mbali naye.

Nilikuomba ukatae kazi. Ukaniambia, “Juuba, mimi ni mdomo tu. Daktari anauliza, mimi nafikisha. Nikidanganya kwa ajili ya mama mdogo, homa itakuja mpaka hapa Ipyana.” Uliniita juuba, yaani mama, kama ulivyokuwa ukiniita ulipokuwa mdogo, na bado nikakupigia kelele kwamba mdomo wa mtu kama wewe ndio ulionifukuza Mwaya. Hapo ndipo ulipoondoka. Maneno hayo umeyasikia utoto wako wote, lakini mimi na baba yako tulikupa vipande vipande, na vipande havikusaidii kitu huko unakokwenda. Chukua habari nzima.

Unajua kwamba nilikuwa mfinyanzi. Hujui nilikuwa mfinyanzi wa namna gani, maana wakati huo ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mitungi yangu ilikuwa myembamba kuliko ya mama yangu, na mama yangu alikasirika akijua ni kweli. Nilipoolewa na baba yako nikaja Mwaya, udongo niliuleta kwa mtumbwi kutoka Ikombe, na wanawake wa Kinyakyusa walinikubali upesi kwa sababu ya mitungi, si kwa sababu ya tabia yangu.

Kwetu mtungi haununuliwi kwa macho. Mnunuzi huupeleka nyumbani kwake, akaujaza maji, akauweka mlangoni, na maji yakalala humo siku kadhaa. Mtungi mzuri hutoka jasho lakini hauvuji. Akiridhika, ndipo anakupimia nafaka, mtungi huohuo ukijaa. Sasa watu ni watu. Asiye na nafaka bado atasema mtungi haujamridhisha, acha maji yalale kidogo tena, na kila ukipita anakusalimu “Ugonile!” kwa furaha kubwa, kana kwamba hakuna kitu kati yenu. Mwaka ule mavuno yalichelewa. Karibu kila mlango wa Mwaya ulikuwa na mtungi wangu uliojaa maji ya zamani, na mimi nilipita nikiitazama nikajiona tajiri.

Ndipo meli ikaja na wagonjwa kutoka kusini. Nilipanda kuwauzia vyungu vya kupikia, maana popote palipokuwa na mtu wa kununua mimi nilikuwepo. Baada ya siku chache nilianguka shambani. Ambokile, homa ile ulishaisikia ikisimuliwa, lakini kusimuliwa ni kitu kingine. Macho yaliniuma nikiyageuza. Magoti na vidole vilikataa kukunjika. Nilitambaa kwenda nje kama mtoto, na baba yako, Mungu amsamehe, alicheka mara moja kabla hajaogopa. Nilipoanza kutembea, majirani wa kulia wakalala, kisha wa kushoto, kisha kijiji kizima kikawa kinatembea kama watu wenye miguu ya mbao.

Daktari aliyekuwako wakati ule alikuja na askari na mkalimani wa pwani. Watu walikusanywa uwanjani kwa malafyale, mkuu wa nchi yetu, nao wote walikuja, hata waliokuja kwa kubebwa. Mkalimani akasimama akauliza kwa sauti, “Nani aliyeumwa kwanza hapa?” Mwalimu wa misheni akaligeuza neno hilo kuwa la Kinyakyusa.

Kila mtu aliinamisha kichwa. Wewe umekulia hapa karibu na misheni, huenda hukujua kwa nini. Swali hilo watu walilijua zamani kabla ya daktari yeyote. Ndilo swali linaloulizwa kijiji kinapoumwa, na nyuma yake kuna swali la pili lisilosemwa: huyo aliyeanza amefanya nini, au amefanyiwa nini, mpaka akatuletea haya? Mwanamke wa Mwaya aliyezaliwa hapo angejua kunyamaza. Mimi nilijua pia, usifikiri sikujua. Wakisi na Wanyakyusa hatupishani sana katika hilo.

Nikanyoosha mkono nikasema, “Mimi.”

Kwa miaka mingi nilijiambia ni kwa sababu ya ubatizo, kwamba nilikuwa nimetoka kufundishwa kusema kweli nikaisema. Ilikuwemo, lakini si yote. Nilipenda kuulizwa. Mzungu ametoka mbali na sanduku lake, anatafuta kitu, na kitu hicho ninacho mimi, mwanamke wa kuja. Nilisimama pale na magoti yangu mabovu nikajibu kila alilotaka, niliumwa lini, nilitoka wapi, nani alilala baada yangu, na nikataja majirani mmoja mmoja mbele yao. Daktari alifurahi kweli. Alitia alama nyekundu kwenye ramani yake, akanionyesha, nami nikafurahi kwa alama yangu.

Kisha akaja nyumbani. Akachota maji ya mtungi kwa bilauri, akayainua kwenye jua, na humo viluwiluwi vilikuwa vinapinda na kunyooka. Akaenda mlango wa pili, wa tatu, kote hivyohivyo. Alieleza maneno marefu kwa Kijerumani, akionyesha mbu kwa kidole, akionyesha mkono wake, akionyesha maji, akirudia tena. Mkalimani alikuwa na njaa, jua limempiga, akafupisha. Alisema, “Homa imetoka kwenye mitungi ya mama huyu. Imwageni.”

Hakusema uongo. Alipunguza tu, akaacha mbu, akaacha maji kulala, akaacha kwamba mtungi wa mtu yeyote ungefanya vilevile. Kilichobaki ni mimi. Wakapanda meli wakaenda zao, na jioni ileile mitungi ikaanza kurudishwa. Wengine waliileta ikiwa mizima wakaiweka mbali na uwanja wetu. Wengine waliileta vigae.

Jirani yangu wa kushoto aliitwa Sekela. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza Mwaya, yeye ndiye aliyenifundisha kusema “ndaga fijo”, asante sana, bila kuchekwa. Mtoto wake mchanga hakuipita ile homa. Baada ya maziko alikuja kwangu, hakupiga kelele, akasimama mlangoni akaniuliza, “Kwa nini ulianza wewe?”

Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimetupiwa uchafu mlangoni asubuhi ile, na wazee walikuwa wameshaanza kusema nivushwe mto Songwe nikanyweshwe mwavi, sumu ya kumpima mchawi, kule ambako boma halioni. Nilimtazama Sekela nikamjibu, “Ungelipa mtungi wangu mapema, maji yasingelala mlangoni kwako.” Nilikuwa siamini hata chembe habari ya maji. Niliokota neno la daktari kwa sababu lilikuwa karibu na lilikuwa zito, nikampiga nalo mwanamke aliyetoka kuzika.

Mengine yaliyotupata Mwaya nilifanyiwa. Hilo nililifanya mwenyewe. Nakuambia ili ujue kwamba hasira yako umeirithi, na ujue inaweza kufika wapi ikipewa neno la mtu mwenye elimu.

Baba yako hakubishana na wazee. Alisema mke wake hatakunywa kitu chochote ambacho yeye hakukipika, akaingia ndani, akaung'oa mlango wa nyumba aliouchonga mwenyewe, akajitwika kichwani. Mimi nilikubeba wewe. Tukatoka Mwaya mchana, watu wakitazama, tukaja hapa Ipyana, na mlango ule ndio huu ulioubamiza leo. Hapa udongo wangu haupo. Nilijaribu wa mtoni, ukapasuka motoni, nikajaribu tena, ukapasuka. Nikalima mpunga. Mikono yangu haijatulia tangu wakati huo, ndiyo maana unaniona nafinyanga ugali kabla ya kuula na kunicheka.

Nilimchukia daktari yule miaka mingi. Nilisema ni mwongo, mbu mdogo hawezi kumlaza mtu mzima. Kisha siku moja, kwa ubishi tu, nikaweka mtungi wa maji nyuma ya nyumba nikauacha, ili nikuonyeshe wewe na misheni yako kwamba ni upuuzi. Nilikuwa nauchungulia kila asubuhi. Viluwiluwi vikaja. Vikakua, vikapanda juu ya maji, vikapasuka mgongo, na ndani yake wakatoka mbu weusi wenye mistari myeupe miguuni. Niliulaza ule mtungi ubavu ukamwagika, nikakaa chini nikalia, na wewe ukadhani nimeumwa na nge.

Daktari aliifuata homa kama mtu anavyomfuata ng'ombe aliyepotea, alama kwa alama, akafika mlangoni kwangu, na hakukosea. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amekosea ningemchukia kwa raha.

Kwa hiyo asubuhi nilikosea kukuambia ukatae. Nenda. Wala usimfiche Tupokigwe. Ukimtaja mwingine, daktari atakwenda kumwaga maji ya nyumba nyingine, na yale yenye homa yatabaki yamelala, na watoto wa Ikombe wataendelea kuzikwa kwa sababu mimi nina mdogo wangu. Kweli ni lazima ipatikane. Lakini usiniambie tena kwamba wewe ni mdomo tu. Mkalimani yule wa pwani naye alikuwa mdomo tu, na alikuwa mtu mwema, alinipa chumvi.

Usikubali watu wakusanywe uwanjani. Mwambie daktari, kwa adabu, kwamba pale mbele ya wote hatapata kweli, atapata mtu wa kutupiwa mawe, na hao ni watu wawili tofauti. Ingia nyumba kwa nyumba. Kaa chini kwanza. Kubali chakula hata kama umeshiba. Uliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za watu: maji yanakaa wapi, yamelala tangu lini, mtungi ni wa nani. Watu wetu wataongea juu ya mitungi mpaka ukimbie wewe. Na daktari akisema maneno marefu, yafikishe yakiwa marefu. Ukiwa na njaa, kula, kisha uendelee.

Nimesoma nilichoandika na nimekasirika. Ni maneno mazuri, na hayatoshi. Ikombe ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mtu akipiga chafya juu, wa chini anasikia. Utaingia nyumba ngapi kabla hawajajua unaelekea kwa nani? Wamekwisha kujua tayari. Wanangoja tu mtu wa boma aje alitamke, wapate kusema si sisi tuliosema. Na mtu huyo ni wewe, mtoto wa dada yake, mwenye kofia mpya ya boma.

Nimeinuka nimezunguka nyumba. Baba yako amekaa na jembe lake, anajifanya anaubana mpini ambao haujalegea. Ameniuliza, “Umemaliza?” Nikasema barua haiwezi kukaa na mtu mlangoni. Akanitazama, akasema, “Nilikuwa nangoja uone hilo.” Baba yako, Ambokile, mtu akikaa naye miaka yote hii bado hajui kama ni mpole au ni mjanja.

Basi sikiliza. Muuza samaki yule bado yuko Mwaya, anarudi Ikombe na mtumbwi wake alfajiri, kabla mwera haujaanza kuvuma. Meli yenu itapitia Matema kwanza, daktari ana wagonjwa wa kutazama pale. Mimi nitafika kabla yenu. Naondoka nikimaliza kuandika. Homa hiyo naijua nayo inanijua, ikinitaka tena tutasalimiana. Mwaya nitapita kwa Sekela. Sijui nitamwambia nini. Nimekuwa na miaka yote hii ya kufikiria na sijapata hata neno moja la maana, labda likija litakuja nikiwa nimesimama mlangoni kwake kama alivyosimama kwangu. Akinifukuza nitalala na wavuvi.

Utakapofika Ikombe utanikuta nimekaa na mama yako mdogo nje ya nyumba yake, mahali ambapo kila mtu anatuona. Watu watakuwa wamekuja kutazama, hilo hutalizuia, hata ukiwa mjanja kiasi gani. Usinikimbilie. Usione haya, wala usigeuze uso. Njoo na daktari wako, keti chini mbele yangu, na kabla hujamuuliza Tupokigwe neno lolote uniulize mimi kwanza, kwa Kikisi, kwa sauti ya kusikika mpaka mlimani: ile homa ya Mwaya, nani aliyeanza kuumwa?

Nitakujibu. Na wewe, ukishamfikishia daktari jibu langu, waambie watu wa kwetu kwamba huyu ni mama yako.

Mama yako